Nani Kamnyonyoa Chiriku?

Chiriku wa tunduni akianza kutokwa na manyoya, wafugaji wengi wa mjini huwa wameshatoa hukumu kabla hata ya kumkamata wamtazame: ana utitiri. Kutoka hapo safari ni fupi, mpaka duka la dawa za mifugo, na ndege mwenye uzito wa gramu 12 analetewa chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Hukumu hiyo inaeleweka. Kuku wetu wana utitiri kweli, mbwa wetu wana kupe, na dawa inapatikana kila kona. Lakini kwa chiriku ushahidi unaelekea kwingine. Mara nyingi aliyemnyonyoa ni chiriku mwenzake, na aliyemsukuma mwenzake kufanya hivyo ni mwenye tundu: kwa nafasi finyu aliyowapa, kwa taa anazowasha usiku, kwa chakula anachowawekea na kwa vitu anavyosahau kuwawekea. Upara ni dalili, na dalili hii hueleza ilikotoka kwa yeyote aliye tayari kuangalia imekaa wapi mwilini kabla ya kufungua kizibo cha dawa.

Kwa jina la chiriku hapa nakusanya ndege wadogo wala mbegu wanaofugwa matunduni sehemu nyingi za dunia, na wengi wao si wa kwetu. Mashuhuri zaidi ni chiriku milia wa Australia, mwenye mdomo mwekundu na mkia wa pingili nyeusi na nyeupe. Maabara za sayansi zimemchunguza mno, hata mwaka 2010 jinomu yake ikachapishwa, ya pili kwa ndege baada ya ile ya kuku. Yupo chiriku wa Gould, naye wa Australia, mwenye rangi kana kwamba mchoraji alishindwa kuchagua. Yupo aliyezalishwa tunduni na watu wa Japani kwa vizazi vingi mpaka hana tena pori la kurudi. Yupo kanari, ambaye asili yake ni visiwa vya Atlantiki vyenye jina hilohilo. Watu wa Unguja na Pemba wanaye mwingine ambaye hawahitaji tundu kumwona, yaani shomoro wa Java, aliyeletwa visiwani na binadamu akazaliana huru. Ndege hawa wanatofautiana kwa mengi, lakini wote wanatofautiana na kasuku kwa jambo moja kubwa. Kasuku aliyekosa mwenzi au shughuli hujing'oa manyoya ya kifua mpaka ngozi ikabaki tupu. Chiriku ni nadra sana kujifanyia hivyo. Basi ukiona upara kwa chiriku, muondoe kwanza yeye kwenye orodha ya washukiwa.

Mwili wenyewe unathibitisha hilo. Mdomo wa ndege hauwezi kufika utosini wala kisogoni kwake. Ndiyo maana chiriku wengi wa jamii ya yule wa milia huketi wawili wawili wakichambuana manyoya ya kichwa na shingo, kila mmoja akimsafishia mwenzake pale asipofika. Huo ni upendo wa kweli, na una faida. Lakini katika tundu dogo, lisilo na kazi ya kufanya wala mahali pa kujificha, uchambuaji hupita kiasi: anayechambua haachi, anayechambuliwa hana pa kukimbilia, na kidogo kidogo utosi unakuwa mweupe. Upara wa utosini na kisogoni, wenye ngozi laini isiyo na ukoko, kwa ndege ambaye mbawa na kifua chake vimekaa sawa, karibu kila mara ni kazi ya mdomo wa mwingine. Ukitaka kumjua, tafuta tunduni ndege ambaye hakukosa hata unyoya mmoja. Wafugaji huwa wanamhurumia mwenye upara na kumsifu aliyevaa vizuri, kumbe huyo wa pili ndiye wa kuhojiwa.

Sehemu nyingine za mwili zina hadithi zake. Makinda yanayotoka kiotani yakiwa na mgongo mtupu yamenyonyolewa na wazazi wao, na sababu ya kawaida ni kwamba wazazi wanataka kutaga tena na hawana cha kutandikia kiota. Chiriku milia hutandika kiota chake kwa vitu laini, manyoya yakiwemo, na manyoya yaliyo karibu kuliko yote ni ya watoto wake. Mkia uliopotea wote kwa siku moja humaanisha hofu: paka aliruka kwenye tundu, au mkono ulimkamata vibaya, na ndege akaachia manyoya ya mkia kama njia ya kuponyoka. Kanari jike mwenye uwazi wa ngozi tumboni wakati wa kuatamia hana ugonjwa wowote, kwa kuwa homoni zimemwondolea manyoya hapo ili joto lifike kwenye mayai. Na kanari wa kishungi aliye na kidoa cha upara nyuma ya kishungi chake amezaliwa nacho. Hakuna hata mmoja katika hawa anayehitaji chupa.

Upo pia upukutishaji wa kawaida, ambao huwatia watu hofu bila sababu. Kila ndege hubadilisha manyoya, lakini aliye mzima huyabadilisha kwa zamu, upande wa kulia ukilingana na wa kushoto, na huwa haachi ngozi wazi. Sakafu ya tundu hujaa manyoya huku ndege mwenyewe akionekana tu kama amelala vibaya. Chini ya manyoya ya zamani huchomoza vijiti vyembamba vyenye ala nyeupe, na hayo ndiyo manyoya mapya. Vijiti hivyo ndivyo kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye upara, kwa sababu vinatenganisha mambo mawili ambayo kwa mbali yanafanana. Unyoya uliong'olewa pamoja na shina lake huanza kuota upya mara moja na hukamilika baada ya wiki tatu au nne hivi. Unyoya uliokatika katikati, shina likabaki, hausogei mpaka msimu wa kupukutisha ufike. Kwa hiyo upara wenye vijiti vinavyochomoza na kupotea, vikachomoza tena na kupotea tena, ni shamba linalovunwa na mtu. Upara usio na kijiti hata kimoja kwa wiki sita ni jambo jingine, na hapo ndipo ugonjwa, lishe au urithi vinapoingia kwenye mazungumzo.

Hapa ndipo lilipo jibu la pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, la mfugaji anayesema: nilimpaka dawa, akapona. Sina shaka kwamba alipona. Nauliza tu nini kingine kilibadilika siku ile. Ili kumpaka dawa ilibidi akamatwe, na baada ya kupakwa aliwekwa kwenye tundu dogo peke yake ili asiwaambukize wenzake. Wiki nne baadaye kichwa kimejaa manyoya na sifa inakwenda kwenye chupa. Lakini wiki nne ndio muda ambao unyoya uliong'olewa huhitaji kuota ukiachwa kwa amani, na tundu la peke yake lilimpa amani hiyo. Akirudishwa kwa wenzake na upara ukarudi ndani ya siku chache, mfugaji husema utitiri umerudi na hununua chupa ya pili.

Na chupa hiyo si kitu cha mchezo. Ivermektini inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi kwa kawaida ina miligramu 10 kwa kila mililita. Kipimo ambacho madaktari wa ndege hutumia mara nyingi ni miligramu 0.2 kwa kilo ya mwili. Chiriku wa gramu 12 basi anahitaji mikrogramu 2.4. Tone moja la kawaida, la sehemu ya 20 ya mililita, lina mikrogramu 500 za dawa hiyo. Tone moja ni zaidi ya mara 200 ya kipimo. Daktari hulipunguza makali kwanza, kwa kimiminika kinachofaa na kwa hesabu, ndipo analiweka kwenye ngozi ya shingo. Mwenye tundu akidondosha moja kwa moja kutoka kwenye chupa anabahatisha, na ndege wengi waliokufa baada ya kupakwa wamehesabiwa kuwa waliuawa na utitiri.

Simaanishi kwamba utitiri ni hekaya. Upo wa aina kadhaa, na kila aina ina tabia inayoweza kuchunguzwa bila kutumia senti. Ule mwekundu wa kuku hauishi juu ya ndege: mchana hujificha kwenye nyufa za tundu, kwenye ncha za vijiti vya kutulia na ndani ya viota, na usiku hutoka kunyonya damu. Ndege huwa hawatulii gizani, hudhoofika na kupauka, na makinda hufa. Funika tundu kwa kitambaa cheupe usiku, kisha kabla ya alfajiri kimulike kwa tochi upande wa ndani. Vidoa vyekundu vinavyotembea vikionekana, jibu limepatikana, na tiba yake huanzia kwenye tundu: kuchoma viota vya zamani, kuosha kwa maji ya moto, kuziba nyufa, kubadilisha vijiti. Utitiri huu unaweza kukaa miezi mingi bila kula, kwa hiyo kumtibu ndege na kumrudisha kwenye mbao zilezile ni kumrudisha mezani kwao. Utitiri wa magamba nao hujenga ukoko kwenye miguu na pembeni mwa mdomo, na huwezi kuukosa ukitazama karibu. Ule wa njia ya hewa, unaowasumbua hasa chiriku wa Gould na kanari, haunyonyoi manyoya kabisa. Ndege hupoteza sauti, hupumua mdomo wazi na hutoa mlio mdogo wa kubofya kila anapovuta hewa. Mapunye nayo yapo kwa ndege, ukungu unaoacha ngozi ya kichwa kavu yenye unga mweupe na mashina ya manyoya yaliyokatika. Yote haya yana alama zake, na pale alama hizo zinapokosekana, haki ya kumtuhumu utitiri inakosekana pia.

Turudi basi kwa mshukiwa mkuu na kwa aliyemtuma. Chiriku milia ameumbwa kwa nchi kavu ya bara la Australia, ambako mvua hainyeshi kwa ratiba. Hazai kwa kufuata mwezi wala majira, bali huzaa mvua inaponyesha na majani yanapotoa mbegu, kwa sababu hajui lini bahati hiyo itarudi. Mweke sasa katika tundu ambalo maji hayakauki na mbegu haziishi, kisha mpe kiota. Kwa mwili wake ni masika yasiyokoma. Atataga mayai manne hadi sita, ataatamia wiki mbili hivi, na mara nyingi ataanza kutaga tena kabla makinda hayajaweza kujilisha. Jike hutoa kalisi na protini mwilini mwake kwa ajili ya kila yai, na unyoya nao ni protini karibu mtupu. Hawezi kuendesha miradi yote miwili kwa akiba moja. Manyoya yanafifia, kichwa kinabaki wazi, na dume linaloendelea kutafuta cha kutandikia linakuja kuchukua yaliyobaki. Tiba ya familia hii ni kuondoa kiota kwa miezi kadhaa na kuwatenga madume na majike. Makinda yahamishwe yakishajilisha yenyewe, karibu na siku ya 40. Wakati wa kuzaa ukifika, wapewe vitu vya kutosha vya kujengea: nyasi kavu, na usumba wa nazi, ambao pwani hauna bei. Wapo wanaoshangaa ndege akikataa kuacha kuzaa hata kiota kikiondolewa, akataga ndani ya chombo cha mbegu. Chombo chenyewe basi kiwe kidogo, asiweze kukilalia.

Kanari ana tatizo la aina nyingine, na kwetu tulio karibu na ikweta lina uzito wa pekee. Mwili wake husoma majira kwa urefu wa mchana. Katika visiwa alikotoka, kwenye nyuzi 28 kaskazini, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi inapita saa tatu, na siku zinapoanza kufupika baada ya msimu wa kuzaa ndipo hupukutisha. Nairobi tofauti hiyo haifiki robo saa, na Dar es Salaam ni kama dakika 50. Jua letu linamnong'oneza tu. Anayempigia kelele ni taa ya sebuleni. Tundu likining'inizwa karibu na televisheni inayozimwa saa sita za usiku, kanari anaishi kiangazi cha Ulaya mwaka mzima, na leo mgeni akija taa inazimwa saa nane, kesho umeme ukikatika giza linaingia saa moja. Ndege wa namna hii hupukutisha kidogo kidogo bila kumaliza, huacha kuimba, na kichwani manyoya hayakamiliki. Kulifunika tundu kila jioni kwa saa ileile, ili usiku uwe wa saa 12 kamili, ni tiba inayostahili kujaribiwa kabla ya yoyote inayouzwa.

Chakula nacho kimezoeleka vibaya. Ulezi na uwele ni mbegu nzuri, na ndege hawa huzipenda kuliko chochote, lakini mbegu kavu pekee zina upungufu wa amino asidi ambazo unyoya hujengwa nazo, na upungufu mkubwa wa kalisi na vitamini A. Yai lililochemshwa na kupondwa, kipande chenye ukubwa wa kucha kwa ndege wawili, mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa kupukutisha, hufidia mengi. Mchicha uliooshwa vizuri, mbegu zilizoloweshwa mpaka zikachipua, na ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni hukamilisha. Maji ya kuoga yawekwe kila asubuhi na kuondolewa kabla hayajachafuka, kwa sababu ala za manyoya mapya hulainika kwa maji na ndege asiyeoga huwashwa. Unga wa vitamini kwenye maji ya kunywa siuamini sana: chiriku hunywa kidogo, kipimo hakijulikani, na maji yenye unga huchacha haraka katika joto letu.

Kipimo kikuu, hata hivyo, ni kumtenga mwenye upara kwa wiki nne na kuangalia. Wanaopinga wana hoja nzito. Chiriku milia hufunga ndoa ya kudumu, na watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2003 kwamba akitenganishwa na mwenzi wake homoni ya msongo hupanda, na hushuka akirudishiwa mwenzi huyohuyo. Je, tumponye upara kwa kumpa huzuni? Nadhani swali linapungua makali tukitofautisha kutenga na kufukuza. Wavu unaogawanya tundu lilelile sehemu mbili huzuia mdomo bila kuzuia macho wala sauti. Ndege huendelea kuitana na kulala karibu, ila utosi uko upande wa pili wa wavu. Matundu ya wavu huo yawe madogo, macho yapite, midomo isipite. Na anayepaswa kuhamishwa kabisa, pakihitajika, ni mnyonyoaji, hasa pale anapowanyonyoa zaidi ya mmoja. Msongamano ukiwa ndio chanzo, hakuna ugawaji utakaosaidia: idadi ipunguzwe, tundu lirefushwe kwa upana kuliko kwa kimo, kwa kuwa ndege hawa huruka kwenda mbele, si kupanda juu.

Ikiwa wiki sita zimepita, ndege yuko upande wake wa wavu, analishwa vizuri, analala gizani, kitambaa cheupe kimebaki cheupe, na bado hakuna kijiti kinachochomoza, basi muda wa daktari umefika. Itasemwa kwamba daktari wa ndege wa tunduni ni adimu Afrika Mashariki na kwamba gharama yake inazidi bei ya ndege. Upande wa bei ni kweli, nami sina namna ya kuupinga isipokuwa kusema kwamba ndege anayeuzwa sokoni akiwa mgonjwa anahamisha tatizo kwenye tundu la mtu mwingine pamoja na bei yake. Kuhusu uadimu, vyuo vinavyofundisha tiba ya wanyama, kama Sokoine kule Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, vina watu wanaojua kusoma ngozi kwa hadubini. Kumpelekea daktari ndege, manyoya yaliyoanguka na vijiti vya tundu katika mfuko uliofungwa, pamoja na maelezo ya nani anakaa na nani, humwokolea kazi kubwa. Atatafuta ukungu, utitiri uliofichika, na pia virusi, kwa kuwa vipo vya jamii ya sirko na polioma vinavyowapata chiriku na kanari na kuharibu manyoya, ambavyo havina dawa na vinadai ndege wote wa tundu hilo wasiuzwe wala kuazimwa.

Mara nyingine daktari hatapata kitu. Wapo kanari ambao wafugaji wa Ulaya waliwazalisha kwa manyoya manene mno, mpaka unyoya unakua ukijikunja chini ya ngozi na kufanya uvimbe. Wapo wanaorithi utosi mwembamba tangu kwa babu, na wapo wazee ambao vishina vya manyoya vimeng'olewa mara nyingi kiasi kwamba vimekufa. Hao hula, huimba na kuoga kama wengine. Kinachotakiwa kwao ni kuwekwa mahali pasipo upepo wa baridi usiku, na kwa wale wa kurithi, kutopewa kiota.